AJALI HII INA KINGA, NA KINGA YAKE NI PAIPU

Ndugu mafundi wa stima, na ninyi nyote mnaofanya kazi mahali penye stima,

Karatasi hii tumeitumia kwa jambo moja tu. Twaomba mlisome mpaka mwisho, kisha mmpe mwenzenu ambaye hakupata. Mishahara tutaizungumza katika toleo lijalo. Leo twazungumza juu ya paipu.

Mwenzetu mmoja amekaa nyumbani na mkono uliofungwa. Ni fundi wa miaka kumi na mitano, mtu mwangalifu, na wengi wenu ndiye aliyewafundisha kazi. Jina lake hatuliandiki kwa kuwa shauri lake halijakwisha, na jina la kampuni hatuliandiki kwa sababu iyo hiyo. Alitumwa kwenye godauni moja hapa Nairobi kutengeneza kengele ya moto iliyokuwa ikilia ovyo usiku. Kengele hiyo hutumia volti 24. Alifanya kama tulivyofundishwa sote. Alizima swichi ya kengele, akatoa betri zake, akapima nyaya za kengele kwa mita, akaona hazina kitu. Akapanda ngazi, akafungua boksi lililo juu ya mlango, akazivuta nyaya nje kidogo apate kuona ni upi uliokatika.

Katika boksi lile, pamoja na nyaya za kengele, zilipita nyaya za mota ya kupandishia mizigo, volti 415. Zote zilikuwa zimevutwa katika paipu moja, zimefungwa pamoja kama kuni. Wajumbe wetu walipokwenda kulitazama boksi waliona kwamba ngozi ya waya mmoja wa mota ilikuwa imechunika pale ulipopita kwenye ukingo wa chuma. Jeraha hilo la waya lilikuwa la zamani, limeshika vumbi. Lilikaa pale likingoja mkono wa mtu, na mkono ukaja. Fundi alirushwa kutoka juu ya ngazi, vidole viwili vikaungua na bega likavunjika.

Baada ya siku chache kampuni ikaandika barua. Barua ilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba kampuni inasikitika, lakini ajali haina kinga. La pili, kwamba fundi ni mzembe kwa sababu hakuzima stima yote ya godauni kabla ya kufungua boksi, na kwa hivyo asitazamie fidia.

Ndugu, barua hiyo twaijibu hapa mbele yenu wote.

AJALI HAINA KINGA?

Methali hiyo twaijua, na wazee wetu waliitumia mahali pake. Humfariji mtu aliyeangukiwa na mti njiani. Hawakuitunga iwe ngao ya mwenye deni. Jambo ambalo kila fundi aliyesoma analijua kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza, jambo lililoandikwa katika vitabu vya kanuni, jambo ambalo dawa yake ni paipu ya pili yenye urefu wa mita tatu, hilo haliwezi kuitwa ajali isiyo na kinga. Kinga ipo. Inauzwa katika kila duka la vifaa vya stima kuanzia Mombasa mpaka Kisumu. Iliachwa dukani kwa sababu kuna mtu aliyeona afadhali abaki na fedha yake.

Na huyo mtu si yule aliyepanda ngazi.

Twajua sote jinsi kazi hizi zinavyopatikana. Makontrakta watano wanataja bei, na wa bei ya chini ndiye anayepewa. Akisha kuipata, anaanza kutafuta faida mahali asipoonekana. Taa hawezi kuzipunguza, kwa kuwa mwenye nyumba atazihesabu. Swichi hawezi kuzipunguza. Lakini paipu imefichwa ndani ya ukuta, na plasta ikisha kupigwa hakuna atakayeihesabu. Ndipo nyapara anapokuja na kusema, "Kijana, hiyo paipu ya sokoti bado ina nafasi. Pitisha na ya kengele humo humo, na ya simu, na ya kamera." Kijana akiuliza, ajibiwa, "Vuta tu, bwana. Kwani wewe ndiwe injinia?"

Hivyo ndivyo ajali hii ilivyotengenezwa. Haikuanza siku fundi alipopanda ngazi. Ilianza siku ile bei ilipotajwa.

KWA NINI STIMA MBILI HAZIKAI PAIPU MOJA

Kwa wenzetu wasio mafundi wa stima, na kwa vijana wanaoanza kazi, yatupasa kueleza jambo lenyewe, maana mtu hawezi kukataa kitu asichokifahamu.

Kwanza ni ngozi ya waya. Waya wa nyumba unaouzwa madukani umeandikwa 450/750 ubavuni mwake, yaani ngozi yake ya plastiki imetengenezwa kuzuia stima ya nyumba ya volti 240 na ya viwanda ya volti 415, na nafasi ya ziada ikabaki. Lakini waya wa kengele ya mlango, wa simu, au wa kamera haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Ngozi yake ni nyembamba kwa sababu stima yake ni ndogo. Ukiulaza ubavuni mwa waya wa volti 415 umeulaza mbuzi zizi moja na chui, ukitumaini kwamba chui hataamka. Zaidi ya hayo, nyaya zinapovutwa pamoja husuguana. Waya ukivutwa kwa nguvu juu ya mwingine kwenye kona, plastiki hupata moto na kukatika kama iliyokatwa kwa msumeno. Fundi aliye nje ya paipu haoni. Anasikia tu kwamba waya umekuwa mzito, kisha umekuwa mwepesi, naye anafurahi.

Ngozi hizo mbili zikichunika mahali pamoja, stima kubwa huingia katika waya mdogo, na kila kilichofungwa kwenye waya ule sasa kina volti 240. Mlinzi wa usiku anabonyeza kengele ya lango wakati wa mvua, mkono umelowa. Karani anachomeka waya wa simu. Hawa si mafundi. Hawana testa mfukoni, wala hakuna aliyewaambia kwamba kidude kile kidogo cha plastiki kinaweza kuua. Nao haihitajiki stima nyingi kumwua mtu. Amperi 0.03 zikipita kifuani kwa muda zatosha kuuhatarisha moyo, ndiyo maana swichi za kukata stima inayovuja hutengenezwa zikate hapo hapo. Mwili uliolowa ukishika volti 240 waweza kupitisha mara kadhaa ya hizo.

Pili ni swichi. Hili ndilo lililomwangusha mwenzetu. Kila nguvu ya stima ina chanzo chake. Ukizima ya kengele, ya mota bado iko. Ukizima ya mota, ya taa bado iko. Fundi anayefungua boksi huamini kwamba kilichomo ni kile alichotumwa kukitengeneza. Imani hiyo ndiyo msingi wa kazi yetu yote. Paipu iliyochanganywa ni mtego kwa sababu huivunja imani hiyo bila kutoa sauti.

Na siku hizi mtego umezidi. Zamani jengo lilikuwa na chanzo kimoja, nacho ni stima ya kampuni kutoka barabarani. Leo jengo moja lina stima ya barabarani, jenereta uani, betri za kompyuta ofisini, na paneli za jua juu ya paa. Paneli kumi zikifungwa mfululizo, kila moja ya volti 40, zatoa volti 400 za stima isiyobadilika mwendo. Ukizima meni, jenereta yaweza kuwaka yenyewe baada ya sekunde chache. Ukizima kila kitu, jua halizimwi. Tena stima hiyo ya paneli ni mbaya kuliko ile tuliyoizoea, kwa maana stima ya barabarani hufika sufuri mara 100 katika kila sekunde, na cheche yake hupata nafasi ya kufa. Stima ya paneli haifiki sufuri. Cheche yake ikisha kuanza huendelea kuwaka mpaka iteketeze plastiki, boksi, na mbao za dari. Hata hivyo tumewaona makontrakta, na tumeona kwa macho yetu, wakiteremsha nyaya za paneli kutoka paani kupitia paipu ya taa kwa sababu "paipu tayari ipo."

Tatu ni rangi. Katika majengo ya zamani fezi tatu ni nyekundu, manjano na buluu, na nyutro ni nyeusi. Katika kanuni za Uingereza rangi zilibadilishwa mwaka 2004, zikawa kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ikawa buluu. Nyaya za rangi zote mbili zimo nchini mwetu, na mara nyingi zimo katika jengo moja. Basi fikirini, ndugu. Fundi amefungua boksi lenye nyaya kumi na mbili. Waya mweusi ni nyutro ya zamani au ni fezi ya sasa? Wa buluu ni fezi ya zamani au ni nyutro ya sasa? Ukiongeza humo nyekundu na nyeusi za betri ya volti 12, ambazo maana yake ni nyingine kabisa, hapo hakuna fundi tena. Kuna mtu anayecheza kamari.

Nne ni joto. Kila waya unaobeba stima hupata joto, na ngozi ya kawaida ya plastiki isipite nyuzi 70 za sentigredi. Waya wa 2.5, sakiti moja peke yake katika paipu iliyo ukutani, hubeba amperi 24. Sakiti mbili katika paipu moja, kila moja huhesabiwa asilimia 80 tu ya hizo. Tatu, asilimia 70. Sita, asilimia 57, yaani amperi zisizofika 14. Lakini ni nani ameona kontrakta akibadilisha fyuzi ya 20 kuwa ndogo kwa sababu amejaza paipu? Fyuzi hukaa ile ile, waya huchemka ndani ya ukuta, na ngozi hukauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Na ngozi inayopasuka kwanza ni ile nyembamba ya waya mdogo.

La mwisho ni la kengele ya moto yenyewe. Kengele ya moto imewekwa ili ilie wakati mambo mengine yote yameharibika. Nyaya zake zikiwa ndani ya paipu moja na nyaya za mota, moto ukianzia katika nyaya za mota huteketeza na za kengele, na watu walio ndani hawasikii kitu. Kwa hivyo kanuni huitenga kengele ya moto na nyaya nyingine zote. Katika godauni letu kengele ililia ovyo, na hilo nalo lilikuwa onyo. Nyaya za stima kubwa zikilala muda mrefu karibu na za stima ndogo huziambukiza, na simu hunguruma na kengele hudanganyika. Kengele ile ilikuwa ikisema kwamba hapo ndani kuna kitu. Kampuni ilituma mtu kuinyamazisha.

WANAYOTUJIBU

Wenye kampuni si wajinga, nao wanayo majibu. Tuyatazame.

Wanasema, "Kanuni zenyewe zinaruhusu." Jibu hili ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni hatari kuliko uongo. Kanuni za Uingereza za kufunga stima, zile BS 7671 ambazo wengi wetu tumesomeshwa, hugawa stima madaraja. Daraja la kwanza ni volti zisizozidi 50 za stima ya kawaida, au 120 za stima isiyobadilika. Daraja la pili ni kutoka hapo hadi volti 1,000. Kisha zasema kwamba madaraja haya mawili yasiwekwe mahali pamoja, isipokuwa kila waya uwe na ngozi inayoweza kuzuia volti kubwa kuliko zote zilizomo, au ziwe na ukuta kati yao, au kila moja iwe na paipu yake. Wamarekani nao katika kanuni zao wanaruhusu kuchanganya katika paipu moja kwa sharti iyo hiyo ya ngozi. Sisi hatubishani na kanuni hizo. Twauliza tu: Bwana, ulinunua waya wa kengele wenye ngozi ya volti kubwa? Uliweka ukuta ndani ya tranki? Kama hukununua na hukuweka, basi umesoma ruhusa ukaruka sharti. Mtu anayesoma hati ya deni hivyo humwita nani?

Wanasema pia, "Mafundi wenyewe hufundishwa kuweka nyaya pamoja." Ndiyo, tumefundishwa kwamba laivu na nyutro ya sakiti moja zipite paipu moja ya chuma, na fezi zote tatu za mota moja zipite pamoja. Ukizitenganisha, chuma chenyewe hupata joto. Hizo ni nyaya za nyumba moja, mume na mke na watoto. Hakuna aliyetufundisha kuwaingiza humo na wapita njia. Anayechanganya mambo haya mawili ama hajui kazi, ama anajua sana na anatutania.

Wanasema, "Fundi angezima stima yote." Ndugu, godauni lile lina friji za dawa, lina taa za wapakiaji wa zamu ya usiku, lina kompyuta za forodha. Siku fundi wa kengele atakapozima meni bila ruhusa, ndiyo siku atakayofukuzwa kazi. Na siku asipozima, ndiyo siku atakayoitwa mzembe. Wameweka milango miwili, na yote miwili yatokea shimoni. Sisi twataka mlango wa tatu, nao ni paipu mbili.

Mwisho wanasema, "Ni gharama." Hapa angalau wamesema kweli. Basi na tuhesabu. Paipu moja ya plastiki ya mita tatu bei yake haiko mbali na sahani ya chakula cha mchana kwenye kibanda cha hapo nje. Kwa godauni zima zingehitajika labda chache kadha wa kadha, na kazi ya siku moja ya mafundi wawili. Kwa upande wa pili wa mizani wekeni vidole viwili vya mtu, bega lake, na watoto wanne ambao karo yao ya shule ilitoka katika mkono huo. Tena gharama haikuondoka. Iliondolewa kwenye daftari la kontrakta ikaandikwa juu ya mwili wa mfanya kazi.

SHERIA INASEMAJE

Barua ile yasema fundi asipate fidia kwa sababu ya uzembe. Aliyeiandika ama hakuisoma sheria, ama alidhani sisi hatujui kusoma.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 humpa haki ya fidia mfanya kazi aliyeumia kazini, na hata kijana anayejifunza kazi amo ndani yake. Mwenye kazi anatakiwa kuwa na bima kwa ajili hiyo. Sheria inamnyima mtu fidia ikiwa alijiumiza kwa utovu wa makusudi, nako ni pale tu ambapo hakufa wala hakupata kilema kikubwa. Makusudi, ndugu. Sheria haikusema "hakuzima meni." Na mtu aliyezima swichi, akatoa betri, akapima kwa mita, hakuna hakimu atakayeona makusudi hapo.

Tena iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua mahali pa ile ya viwanda ya wakati wa ukoloni. Kifungu cha 14 chamtaka mfanya kazi amwambie msimamizi wake akiona hatari kubwa, na mwenye kazi hana ruhusa ya kumrudisha mtu mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Sheria hiyo pia inakataza kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya usalama. Na mahali penye watu ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawemo. Je, ninyi mnaosoma karatasi hii, mahali penu kamati ipo? Au ipo kwenye faili tu?

Kuhusu leseni nako, kazi ya kufunga stima yahitaji leseni ya EPRA, na mwenye leseni ndiye anayetia sahihi kwamba kazi ni salama. Twajua wako wanaotia sahihi wakiwa mjini, kazi hawajaiona, na fundi aliyeifanya hana leseni wala kinga. Sahihi ya namna hiyo ni mate juu ya karatasi.

NA SISI WENYEWE JE?

Ndugu, tusijifiche. Hatuwezi kumnyoshea mwenye kampuni kidole na kuufunga mkono uliobaki. Paipu ya godauni haikujijaza. Kontrakta alitaja bei, nyapara alisema "vuta," lakini mkono uliovuta ulikuwa wa fundi kama sisi. Labda alikuwa kibarua wa siku, hana chama, na nyumbani hakuna unga. Hatumlaani. Lakini twajua kwamba miaka mingi baadaye waya alioupitisha yeye umemwangusha ndugu yake asiyemjua.

Wako pia miongoni mwetu wanaofanya hivi jumamosi katika kazi zao za binafsi, hakuna nyapara wala tajiri karibu, ili kazi iishe upesi. Hao twawaambia bila kupepesa macho: huwezi kudai usalama jumatatu ukauza hatari jumamosi.

Ndiyo maana twasema kukataa kusiwe kwa mtu mmoja mmoja. Fundi mmoja akikataa, yuko mwingine langoni anayengoja nafasi yake. Mafundi wote wa jengo wakikataa pamoja, nyapara atapiga simu, na lori la paipu litakuja kabla ya saa nane. Tumeliona likija.

TUNAYOYATAKA

1. Kampuni ifute barua yake na ipeleke shauri la mwenzetu kwenye fidia kama sheria inavyotaka, pamoja na gharama za hospitali.

2. Katika kila kazi mpya, paipu za stima kubwa, za stima ndogo, za kengele ya moto na za paneli za jua zitajwe mbalimbali katika hesabu ya bei, ili kontrakta mwaminifu asishindwe na mwizi wa paipu.

3. Mahali ambapo hapana budi nyaya kupita tranki moja, uwekwe ukuta kati yao, au kila waya uwe wa ngozi inayofaa volti kubwa iliyomo. Kengele ya moto ibaki peke yake.

4. Majengo ya zamani yakaguliwe. Boksi lolote lenye chanzo zaidi ya kimoja liandikwe kwa nje, kwa herufi kubwa, vyanzo vyake vyote na swichi zake zilipo.

5. Fundi anayetumwa kufungua boksi apewe ruhusa ya kuzima kila chanzo kilichomo, na muda wake ulipwe. Asiitwe mchelewaji.

6. Asiadhibiwe mtu yeyote kwa kukataa kuvuta nyaya zilizochanganywa.

Na kwenu ninyi wanachama, maagizo ni haya. Ukifungua boksi, pima kila waya uliomo, siyo ule uliotumwa tu, na usiamini rangi. Ukikuta mchanganyiko, usiufunike ukaondoka. Andika siku, mahali na ulichokiona, umpe msimamizi karatasi, na nakala umpe mjumbe wa chama. Neno la mdomo husahauliwa, na karatasi yenye tarehe haisahauliki mbele ya hakimu. Ukiambiwa "vuta tu," waite wenzako kwanza.

Mkutano wa kuzungumza jambo hili utatangazwa na wajumbe wenu mahali pa kazi. Njooni, na mje na vijana wanaojifunza. Mwenzetu amesema naye atakuja, mkono wake ukiwa umefungwa vivyo hivyo, apate kuwaeleza mwenyewe. Mchango kwa ajili ya jamaa yake unapokewa na mtunza fedha, na kila anayetoa apewe risiti.

Ajali haina kinga, wanasema. Hii inayo. Twajua bei yake, twajua inauzwa wapi, na twajua ni nani aliyekataa kuinunua.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenu,
Kamati